Jicho la Bi Picha

Wageni waliofika Bagamoyo wakitaka picha ya mwezi mchanga juu ya bahari walielekezwa kwa Bi Picha, na Bi Picha aliwaelekeza Kigoma.

"Sina," aliwaambia. "Bahari yetu iko mashariki. Mwezi mchanga unaonekana magharibi, jua likishatua. Hapa utauona juu ya soko, utauona juu ya mnara wa simu, ukisogea kidogo utauona juu ya minazi ya watu. Majini hauzami. Ukiutaka majini, panda basi uende Kigoma ukakae kando ya ziwa."

Wengine walicheka, wakaondoka na picha ya mwezi na mnara wa simu. Wengine walinuna, wakaenda kwa vijana wa kompyuta wakatengenezewa.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu na studio yake, nyuma ya soko, vilitenganishwa na ukuta mwembamba, na akipiga chafya kule nilimwombea afya huku. Kwao na ukoo wake sitasimulia, sikuwahi kuuliza. Alinizidi umri kiasi cha kuamkiwa, na kila asubuhi nilimpa shikamoo yake kupitia dirishani, naye alijibu, "Marahaba, fundi. Umewaahidi uongo watu wangapi leo?" Maana mafundi tunajulikana kwa kusema nguo itakuwa tayari kesho.

Mtaa mzima ulimwita Bi Picha. Jina lake la kuzaliwa nililisikia vizuri siku lilipotangazwa kwenye kipaza sauti cha msikiti, na kwa muda mfupi nilijiuliza ni nani huyo aliyefariki.

Wanawake walimpendea jambo moja. Kwenye harusi zetu, siku ya singo, bibi harusi anaposuguliwa manukato, na siku ya kumtoa, mlangoni huwekwa kapu, na kila anayeingia anatumbukiza simu yake. Ndani watu wako vichwa wazi, nywele zimesukwa, hina imepanda hadi magotini, na hakuna anayetaka kesho aonekane kwenye simu ya mume wa mtu. Kamera iliyoruhusiwa kupita lile kapu ilikuwa ya Bi Picha peke yake. Alichukuliwa Mapinga, alichukuliwa hadi Lugoba. Na picha hakumkabidhi mtu ila mwenyewe, mkononi. Nakumbuka bwana mmoja aliyekuja na kanzu yake iliyonyooshwa.

"Bi Picha, nimekuja kuchukua picha za mke wangu."

"Aje mwenyewe."

"Ni mke wangu."

"Najua. Nilikuwepo."

"Sasa mimi nitaona haya gani, na namwona kila siku?"

"Basi huna haja ya picha. Aje mwenyewe, akuoneshe anazotaka. Utazifurahia zaidi."

Bwana akaja kukaa kibandani kwangu na kulalamika kwa muda mrefu, nami nikampima kanzu nyingine.

Kazi yake ndiyo hiyo, na paspoti saizi za wanafunzi. Mwezi ulikuwa wa kwake mwenyewe. Kila mwezi ulipoandama, jua likizama tu, alibeba kamera na ile miguu yake mitatu ya chuma akapanda juu ya ghorofa moja iliyokatishwa ujenzi, ambayo mwenyewe yuko Dar es Salaam na amemwachia mlinzi. Alichopenda kuliko vyote ni mwezi na Zuhura pamoja, ile nyota kubwa ya jioni. Si kila mwaka inakubali. Kuna miezi Zuhura hukaa jioni, na kuna miezi huhamia alfajiri, na ilipohamia alfajiri Bi Picha alikuwa kama mtu ambaye shoga yake kasafiri.

Nilimwuliza anapata nini.

"Bibi harusi ananiambia nimtoe mweupe, nimtoe mwembamba. Mwezi hauniambii kitu."

Ukuta wa ndani wa studio ulijaa hizo picha, na karibu kila moja ilikuwa na dosari. Hii imekatwa na waya wa umeme. Hii ina kunguru. Ile nyingine, ambayo mimi niliipenda kuliko zote, ina dera la mtu limeanikwa kwenye kamba, mwezi uko juu ya bega la dera na Zuhura pale ambapo hereni ingekaa. Yeye hakuipenda. "Dera limejiingiza," alisema.

Mwalimu wa madrasa alikuja siku moja kabla ya maulidi, akitaka bango lenye mwezi na nyota.

"Nyota ikae hapa katikati," akaonesha kwa kidole ndani ya pembe za mwezi.

"Hapo haikai, maalimu."

"Kwa nini? Kila mahali iko hapo."

"Hapo pana mwezi. Mwezi ni mzima, ila kipande kile hakijawashwa. Hiyo nyota ikae mbele ya mwezi vipi?"

Maalimu akacheka sana. Akaenda kwa vijana wa kompyuta, wakamwekea nyota katikati, bango likapendeza. Siku ya maulidi Bi Picha alikaa chini yake kabisa akala pilau na kuomba aongezewe. Hakuwa mtu wa kununa. Yeye alitaka tu hiyo nyota isiwekwe na mkono wake.

Msije mkadhani alikuwa malaika. Umri wake aliudanganya waziwazi, kila mwaka ule ule. Na huyu aliyepanda ngazi zisizo na kingo, kamera shingoni na kandambili miguuni, aliogopa sindano kuliko kaburi. Nesi akigusa tu boksi la sindano, Bi Picha alikumbuka kwamba ameacha mlango wa studio wazi. Tena hakujua kupigwa picha. Kwenye kitambulisho chake amefumba macho kama aliyelala, na hiyo alijipiga mwenyewe.

Neno lake kubwa lilikuwa "Sema wewe kwanza." Tulipokuwa juu ya ghorofa hakumwonesha mtu mwezi. Yeye kishauona, kamera kishaielekeza, lakini anakugeukia: "Fundi, unaona nini? Sema wewe kwanza." Alisema ukimwambia mtu kitu kiko wapi, atakiona hata kama hakipo. Ndiyo maana mwisho wa Shaabani na mwisho wa Ramadhani watu wa mtaa walimngoja yeye. Habari za nchi nzima zilitoka redioni, hilo tunajua, lakini mtaa una moyo wake, na imamu wetu kabla ya kupiga simu yoyote alipenda kuuliza, "Bi Picha kasemaje?"

Hapo mimi na yeye tulitaniana kila mwaka. Bagamoyo nzima ikiomba mwezi uonekane ishirini na tisa, fundi cherehani anaomba usionekane, kwa sababu nguo za Idi hazijaisha. Siku ya thelathini ni siku ya mafundi.

"Fundi, umeshaomba mawingu?"

"Nimeomba."

"Mazito?"

"Yenye mvua, Bi Picha."

Sasa nifike kwenye jicho.

Lilianza na taa. Jioni moja aliniambia, "Hizi taa mpya za soko zina nywele." Nikacheka. Baada ya siku chache akasema mshumaa una nywele. Kisha akaanza kuniletea memori kadi nimsomee maandishi yake, akisema watengenezaji wamekuwa wachoyo wa wino. Nilimwambia aende hospitali. Akakumbuka ameacha mlango wazi.

Ramadhani hiyo Zuhura alikuwa jioni, anang'aa juu ya soko kabla hata watu hawajamaliza kufuturu. Ishirini na tisa ilipofika tulipanda ghorofani, Bi Picha, mimi, na kundi la vijana na akina mama. Magharibi kulikuwa na wingu jepesi, kama shashi. Adhana ikalia, tukala tende zetu tumesimama. Mimi nilikuwa nimeacha cherehani na rundo la nguo za watoto ambazo hata pindo hazijapindwa, na nililitazama lile wingu kwa upendo.

Bi Picha akainua mkono akasema, "Ule pale."

Hakumwuliza mtu. Nilishtuka kwa hilo kabla ya kutazama.

"Uko wapi?" wakauliza vijana.

"Pale, juu ya paa la soko. Pembe zimelala kulia."

"Eeh, nauona."

"Hata mimi. Mwembamba kweli."

Vigelegele vikapasuka. Watoto waliokuwa chini wakaanza kupiga madebe, na mtu akakimbilia msikitini. Mimi nilitazama pale aliponyoosha, nikaona Zuhura nyuma ya wingu. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikatazama chini. Sikuona kingine.

Bi Picha alikuwa ameshapiga. Watu wakateremka mbio, tukabaki wawili. Akafungua ile picha kwenye kioo cha kamera, akaiweka karibu na uso, akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Kisha akanipa.

"Fundi. Sema wewe kwanza."

Nikaivuta picha karibu. Katikati palikuwa na kitone cheupe cha duara.

"Ni nyota, Bi Picha."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Lakini mimi nina nguo hazijaisha, kwa hiyo usiniamini. Tumwite asiye na nguo."

Tukamwita mke wa muuza samaki, ambaye alikuwa bado anateremka ngazi kwa sababu ya magoti yake. Hatukumwambia kitu. Akaitazama kamera akasema, "Hii nyota mbona umeikuza hivi?"

Bi Picha akakaa kwenye tofali. Akavua miwani, akaitazama Zuhura kwa jicho moja, kisha kwa jingine.

"Naiona kama imezaa," akasema. "Mama yuko katikati na watoto wamepanga mstari, huku na huku. Nikadhani ni pembe."

Nilijua anafikiria nini, maana mimi pia naishi kwa macho. Nani atamwita mpiga picha asiyejua nyota na mwezi? Harusi za baada ya Idi ndizo zilizokuwa chakula chake cha mwaka. Ilikuwa rahisi sana kukaa kimya. Wingu lilikuwa linazidi, na vijana waliokuwa tayari kuapa walikuwa wengi.

Akasimama, akajitanda ushungi vizuri, akateremka. Nilimfuata. Msikitini wanaume walikuwa wamemzunguka imamu, naye simu iko mkononi. Bi Picha akasimama nje, mlangoni, akaita kwa sauti aliyokuwa akiitumia kupanga watu wa harusi.

"Imamu, nisamehe. Niliyoiona ni nyota."

Imamu akatoka. "Bi Picha, si wewe peke yako. Hawa vijana wameuona."

"Wameuona kwa mdomo wangu. Nilisema kabla yao. Jicho langu limeharibika, na kesho mtu asile kwa jicho langu."

Kijana mmoja akasema yeye aliuona kweli. Imamu akamwuliza pembe zilielekea wapi. Kijana akamtazama Bi Picha, naye akatazama chini. Imamu akairudisha simu mfukoni. Baadaye kidogo redio ikatangaza kwamba mwezi haukuonekana popote.

Kesho yake tukafunga. Watu walimtania Bi Picha mtaani, "Umetuazima siku moja, tutakulipa lini?" naye akawajibu, "Mdaini fundi, yeye ndiye aliyeitumia." Na ni kweli, nguo zangu zilikwisha zote. Jioni mwezi ukaandama wazi, Zuhura pembeni yake, watu wakasema hata picha haitakuwa hivi. Yeye hakupanda. Aliketi studio na mlango umefungwa nusu, nami nikaketi upande wangu wa ukuta. Niliendesha cherehani tupu, bila nguo, asikie kwamba niko.

Harusi mbili za Mapinga zilimtoroka. Waliita binti wa Dar es Salaam mwenye kamera kubwa, na mimi siwalaumu. Bi Picha naye hakuwalaumu. "Ningekuwa mama wa bibi harusi nami ningemwita yule," alisema. Lakini kila nilipotaja hospitali, alikuwa na sababu. Huyu ni mtoto wa jicho, fundi, na anatolewa kwa kisu. Kwanza sindano, halafu kisu. Wewe ungekubali? Nikamwambia ukweli, kwamba sijui kama ningekubali.

Aliyemsukuma hakuwa mimi wala daktari. Alikuwa mama mmoja mkulima wa mwani kutoka Mlingotini, aliyekuja kuchukua picha za harusi ya bintiye akiwa na bintiye mwenyewe, kama sheria ya pale ilivyotaka. Wakati binti anazitazama, mama alikuwa anazunguka ukuta wa miezi.

"Bi Picha, mbona yote iko juu ya mabati? Huna unaozama majini?"

Nikasikia Bi Picha akivuta pumzi, maana hotuba ile aliijua kwa moyo. "Bahari yetu iko mashariki, mama. Mwezi mchanga..."

"Ya kwenu. Sisi tuna maji ya ndani. Ukivuka ukakaa kwenye ulimi wa mchanga, bahari kubwa iko mgongoni na maji ya ndani yako mbele. Mwezi unazama humo. Tangu nizaliwe."

"Haiwezekani."

"Kwetu huko, nakwambia."

"Huo ulimi unatazama wapi?"

"Unakotua jua. Njoo uone, wewe si una macho?"

Binti akaaga, mama akaaga. Mara Bi Picha akaja dirishani kwangu, na hiyo ilikuwa mara chache, maana shikamoo ya asubuhi ikishapita alinisemesha kupitia ukutani.

"Fundi, yule mama ni mwongo au mimi ndiye mjinga?"

"Sijui, Bi Picha. Sijawahi kukaa huko jioni."

"Miaka yote hii nawapeleka watu Kigoma."

Wiki ile ile alikwenda kutolewa mtoto wa jicho, jicho moja kwanza. Nilimsindikiza. Aliposhikwa mkono na nesi alinigeukia akaniambia mlango wa studio uko wazi, nikamwambia nimeufunga mwenyewe na ufunguo huu hapa. Akaingia. Watu walipomwuliza nini kilimpa ujasiri, alisema, "Ubishi tu."

Presha ilimchukua mwaka uliofuata, kabla ya mfungo. Studio sasa wanauza simu. Ukuta bado ni ule ule mwembamba, na mwuza simu akipiga chafya huwa naanza kufungua mdomo. Lakini kabla ya hayo yote ilikuwepo Mlingotini.

Tulikwenda kwa bajaji, yeye na miwani myeusi ya hospitali, kamera mapajani imefunikwa kwa khanga kama mtoto. Yule mama wa mwani alitupokea kwa chai na mihogo, kisha akatuvusha kwa mtumbwi wake, maana maji ya ndani yalikuwa yamejaa. Tukaketi juu ya mchanga. Nyuma yetu bahari kubwa ilikuwa inajipigapiga. Mbele maji yalilala, na vijiti vya mashamba ya mwani vilikuwa vimezama vyote isipokuwa kimoja.

Bi Picha alifungua miguu mitatu, akaifunga kamera juu yake, kisha akaiacha. Jua lilitua. Magharibi yakawa mekundu, kisha kama ganda la chungwa, kisha rangi ambayo hata kwenye vitambaa sijaiona. Nikauona mwezi, mwembamba, ukiinamia maji, na chini yake mwingine ndani ya maji. Zuhura alikuwa juu yake kidogo, upande wa kushoto. Mama wa mwani akataka kuonesha kwa kidole, nikamshika mkono.

"Bi Picha," nikasema. "Leo sisemi. Sema wewe kwanza."

Alivua ile miwani myeusi. Alifumba jicho ambalo halijatibiwa, akatazama kwa lile jipya. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kuogopa.

"Mwezi nauona," akasema. "Na kweli unaelekea majini. Mama, nisamehe, nilikuita mwongo kwa fundi."

"Niliwasikia," akasema yule mama. "Nilikuwa bado niko barazani."

Bi Picha akacheka, lakini jicho halikuondoka pale.

"Na nini kingine?" nikauliza.

"Nyota."

Nikangoja. Mkono wake ulitafuta wangu juu ya mchanga, ukakosea, ukashika kandambili, kisha ukanipata.

"Iko moja, fundi," akasema. "Iko moja tu."